Ugali wa Udaga na Kazi Iliyo Nyuma Yake

Ndugu msomaji, mfanyakazi wa mjini anapopata safari ya kwenda Mkoa wa Mara, jambo la kwanza analosimuliwa ni nyama. Naam, nyama ya Tarime ina sifa yake, wala hatuna nia ya kuipunguzia. Lakini anayetaka kujua wenyeji wanakula nini siku zote, si siku ya sherehe tu, hana budi kuingia katika mgahawa wa kawaida, pale Tarime mjini, au Sirari mpakani, au Mugumu yaliko makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Aghalabu atakuta mabenchi ya mbao, maji ya kunawa mlangoni, na mama mpishi anayevitaja vyakula vyake kwa mdomo.

Hapo mgeni aache wali na chipsi, ambavyo hata kwao vipo, aulizie vya nyumbani. Ataletewa ugali wa ulezi, mwekundu wa kahawia, au ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, pengine umechanganywa na mtama. Kitoweo chaweza kuwa dagaa au sato wa ziwani, au mgagani uliopikwa kwa maziwa ukapungua uchungu. Penye nyama huenda akakuta kichuri, mchuzi mchungu unaotokana na majimaji ya tumboni mwa ng'ombe au mbuzi, ambao wenyeji huupenda sana na mgeni huhitaji moyo kuuonja. Kisha bakuli la mtindi.

Wageni wengi hushindwa mbele ya ule ugali wa udaga. Husema rangi yake si nyeupe, tena una harufu ya uchachu. Hata watoto wetu tuliowazaa mijini huukataa kwa sababu hiyo hiyo, nasi wazazi tunaona aibu na kuwatafutia unga mweupe. Leo tunataka kuitetea harufu hiyo, maana nyuma yake kuna kazi iliyookoa miguu ya watu.

Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Wakulima huupanda kwa sababu huvumilia ukame na wanyama waharibifu hawaupendi. Ili uwe chakula, humenywa, huvundikwa au kulowekwa kwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuchachuka, kisha huanikwa juani na ndipo husagwa. Katika siku hizo za kungoja, sumu hutengana na muhogo na kutoka. Kuanika peke yake, bila kuvundika wala kuloweka, hutoa unga mweupe wa kupendeza macho, lakini huacha sumu nyingi zaidi ndani yake.

Mwaka 1985 jambo hili lilidhihirika kwa uchungu katika Wilaya ya Tarime, kwa mipaka ya siku zile, kabla Rorya haijawa wilaya yake yenyewe mwaka 2007. Ukame ulikuwa mkali, mazao mengine yakakauka, ukabaki muhogo mchungu. Familia yenye njaa haiwezi kungoja siku nyingi, hivyo hatua za kuutayarisha zikafupishwa. Wakati huo huo maziwa, samaki na maharage vilikuwa haba, na hivi ndivyo vinavyoupa mwili nguvu ya kuiondoa sianidi. Watu walilala wazima, wakaamka miguu imekakamaa. Madaktari waliochunguza maafa hayo waliandika habari za wagonjwa 39. Maradhi hayo huitwa konzo, neno la Kiyaka cha Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hayana tiba: aliyepooza hubaki hivyo maisha yake yote.

Tuzingatie kwamba muhogo haukuwa chakula kigeni katika wilaya ile. Zao lilikuwa lile lile na wapishi walikuwa wale wale. Kilichokosekana ni siku za kungoja na kitoweo cha kuandamana nao. Basi chakula cha asili si zao peke yake. Ni zao pamoja na kazi yake na wenzake wa sahanini.

Wala msiba wa namna hii haukutupata sisi peke yetu. Mahindi, ambayo leo tunayaona kuwa ya kwetu tangu mababu, asili yake ni Meksiko. Wenyeji wa huko, kabla ya kuyasaga, huyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa, ndipo hutengeneza mikate yao myembamba iitwayo tortilla. Chokaa hiyo huifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Wazungu waliyachukua mahindi wakaiacha chokaa. Matokeo yake, maskini wa Italia ya kaskazini, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walioishi kwa mahindi karibu matupu, walishikwa na pelagra, maradhi ya kuchubuka ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa akili, ambayo yaliua maelfu. Sisi pia tuliyapokea mahindi bila chokaa. Kinga yetu imekuwa maharage, samaki, nyama na maziwa tunavyolia ugali.

Kwa familia za mjini, funzo ni hili. Anayenunua unga wa muhogo sokoni amwulize muuzaji kama umevundikwa au umelowekwa, asiridhike na weupe wake. Unga wenye uchungu ulimini usipikwe. Akiwa na shaka, ipo njia rahisi iliyofundishwa kwa akina mama wa Kwango, Kongo, tangu mwaka 2010: unga hulowanishwa, hutandazwa tabaka jembamba lisilozidi unene wa sentimita moja, huachwa juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobakia hupaa pamoja na hewa. Hata hivyo, ugali huo usiliwe bila kitoweo chenye kujenga mwili, hata kama ni dagaa kiganja kimoja.

Na ulezi nao tusiusahau. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu yajengayo mifupa, ilhali mahindi hayafiki hata 30. Uupepete vizuri uondoe mchanga, na kwa uji wa mtoto utie unga kidogo wa kimea, nao utalegea bila kuongezewa maji mengi.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Tuongeze kwamba anayeichukua mila nusu naye hayuko salama. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika Tarime au Mugumu, agiza ugali wa udaga, ule, na kabla ya kulipa umwulize mama mpishi unga wake uliandaliwaje na kwa siku ngapi. Atafurahi kuulizwa. Nawe utarudi mjini na maarifa ambayo hayauzwi pamoja na unga.