Ufundi bila daftari huisha bila habari

Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili, na kwa hakika Wakenya hawajawa wachoyo wa kuwatuza wanamuziki wao. Tunawakumbuka kwa majina, tunawapigia makofi wangali hai na kuwalilia redioni wakishatutoka. Lakini ni nani miongoni mwetu amewahi kuuliza habari za yule aliyelichonga gita, aliyeinyoosha shingo yake ilipopinda, au aliyeunga upya waya uliokatika saa moja kabla ya tamasha kuanza? Mtu huyo hatajwi magazetini. La kusikitisha zaidi ni kwamba hata kazi yake, katika lugha yetu ya taifa, haijaandikwa. Hilo ndilo ninalokusudia kulijadili leo, nikiamini kwamba si jambo dogo kama linavyoonekana.

Gita si mgeni kwetu tena. Fundi Konde, mwana wa pwani yetu, anatajwa miongoni mwa waliotangulia kulicharaza gita la umeme katika nchi hii. Baadaye D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyefanya makao yake Kenya, pamoja na wenzake wa muziki wa benga, wakalifunza gita kuiga mwendo wa haraka wa nyuzi za nyatiti. Tangu hapo chombo hiki kimesema Kiluo, Kikuyu, Kikamba na Kiswahili bila kigugumizi. Hata hivyo, sisi tumejifunza kukisemesha tu. Kukiunda tumewaachia wengine. Huja kimekwisha kupakwa rangi, nacho kinapoharibika, wengi hukitundika ukutani au kukitupa darini kikawa makao ya panya.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuunda gita la umeme ni kazi ya viwanda vikubwa pekee. Historia inakanusha dhana hiyo. Chombo hiki kilizaliwa katika karakana ndogo na mikononi mwa watu wenye udadisi. Mnamo 1931, huko Los Angeles, George Beauchamp, ambaye majaribio yake mengi aliyafanyia nyumbani, alifanikiwa kuibadili mitetemo ya nyuzi za chuma kuwa umeme kwa kutumia sumaku na waya wa shaba. Kiasi cha miaka kumi baadaye Les Paul alichukua gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, akalifunga nyuzi na kinasa, kisha akalibandika mbavu za gita la kawaida ili wasikilizaji wasishtuke. Naye Leo Fender, ambaye gita lake la Telecaster linachezwa hadi leo, alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California. Kulicheza gita hakukujua kamwe. Alichojua ni kulehemu, kupima na kusikiliza malalamiko ya wateja.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Brian May wa Uingereza. Mnamo 1963, akiwa kijana wa miaka 16 ambaye hakuwa na fedha za kununua gita alilolitamani, yeye na baba yake, Harold, aliyekuwa mtaalamu wa elektroniki, waliamua kujiundia lao nyumbani. Shingo waliichonga kutokana na mbao za mahogani za meko ya zamani, na matundu yaliyotobolewa na wadudu yakazibwa kwa vijiti vya kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitokana na meza kuukuu ya mwaloni. Springi zilitoka katika injini ya pikipiki, na vidoa vyeupe vya shingoni vilikatwa kutoka vifungo vya lulumizi. Kazi hiyo iliwachukua takriban miaka miwili. Gita hilo ndilo alilolicheza katika bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mnamo 1946. Kijana yule wa karakana ya nyumbani alikuja kupata shahada ya uzamifu katika fizikia ya anga mnamo 2007. Sidai kwamba gita ndilo lililompa shahada. Nasema tu kwamba mkono uliozoea kupima huifunza akili kupima.

Na kazi yenyewe ina vipimo vingi. Tazama vile vijiti vya chuma vilivyolazwa kukingama shingo, ambavyo mchezaji hubana uzi nyuma yake ili kubadili sauti. Nafasi zake hazilingani. Zinapungua kadiri unavyoelekea kwenye kiwiliwili. Fundi huuchukua urefu wote wa uzi unaotetema na kuugawa kwa 17.817, akapata mahali pa kijiti cha kwanza. Uzi ukiwa na milimita 648, kama ulivyo katika magita mengi ya Fender, kijiti hicho kitakaa milimita 36.37 kutoka mwanzo wa shingo. Masalio ya urefu huo hugawanywa tena kwa nambari ile ile, na nafasi ya pili inakuwa milimita 34.33. Ukiendelea hivyo, kijiti cha 12 kitaangukia katikati kabisa, milimita 324, ambapo sauti ile ile ya uzi ulioachwa wazi hurudi ikiwa imepanda. Ukikosea kwa milimita mbili hapo, kosa lako litasikika maisha yote ya gita hilo. Ni mwanafunzi gani aliyechoshwa na hesabu za ugawanyaji ambaye hataziheshimu akisikia jawabu lake likilia?

Kadhalika umeme. Kinasa cha gita ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba mfano wa unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, huzaa umeme kidogo sana unaopelekwa kwenye kikuza sauti. Taabu ni kwamba kinasa hicho hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Mnamo 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson, aliitatua taabu hiyo kwa kuunganisha koili mbili zilizopingana, sumaku zake nazo zikiwa zimepinduliwa. Mvumo unapoingia katika zote mbili hujifuta wenyewe, ilhali sauti ya nyuzi hujumlika. Somo la fizikia ambalo vitabu hulieleza kwa michoro mikavu, hapa hulisikia kwa masikio yako.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si seremala. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa Jumamosi zangu nimezitenga kwa meza ndogo ya kazi nyuma ya nyumba, ambako magita makuukuu hufufuliwa na mawili matatu mapya yamechongwa. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo maktaba haikunionyesha. Maadamu kazi ni ya mbao, Kiswahili hakinipi shida hata kidogo. Nina randa, neno lililotufikia kutoka mashariki, Uajemi na Bara Hindi. Nina parafujo, tuliyoachiwa na Wareno, na msumari tuliopewa na Waarabu. Nina tupa, patasi, keekee na jiliwa. Nina msasa, ambao kabla ya kuwa karatasi ya dukani ulikuwa mti wenye majani makavu yenye kukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Msamiati huu haukubuniwa na kamati yoyote. Waliuzaa mafundi walioyachonga majahazi na milango ya Lamu na Mombasa. Walipokutana na kifaa walikipa jina au wakalipokea jina lake na kulivisha nguo ya Kibantu.

Ninapotoka kwenye mbao na kuingia kwenye nyaya, ulimi huanza kukwama. Neno “kipaza sauti” tunalitumia kwa kifaa anachoshika mwimbaji, kwa mashine inayokuza umeme wa sauti, na kwa spika inayotoa mlio. Vifaa vitatu, jina moja! Fundi akimwagiza mwanagenzi amletee kipaza sauti, ataletewa nini? Vile vijiti vya shingoni navyo havina jina linalokubalika kote. Mimi huviita mataruma, neno ambalo mabaharia walilitumia kwa mbavu za chombo na ambalo baadaye tuliliazima kwa mbao zinazolala chini ya reli. Anayeitazama shingo ya gita na kuitazama njia ya reli ataona kwamba neno hilo halikuhitaji kusafiri mbali. Ikiwa mafundi wana jina bora zaidi, na waliseme, nami nitakuwa wa kwanza kulipokea.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mazoea ya wasomi kupigania maneno, na kwamba fundi wa kweli hufanya kazi kwa mikono, hahitaji kamusi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kazi hii isingekuwa na hatari. Vikuza sauti vya zamani, vile vinavyotumia vali za kioo, huwa na kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme wa mamia ya volti hata baada ya chombo kuzimwa na kuchomolewa ukutani. Kijana anayekifungua kwa bisibisi, akiamini kwamba kisicho na waya ukutani hakina umeme, anaweza kupoteza maisha. Vumbi la mpingo nalo, mti ambao baadhi ya mafundi huutumia kwa uso wa shingo, huwasha ngozi na kudhuru mapafu ya asiyejifunika pua. Tahadhari kama hizo zinapatikana kwa wingi katika vitabu vya Kiingereza. Kijana wetu aliyeachia masomo darasa la nane, mwenye mikono ya dhahabu, atazisomea wapi? Lugha hapa si pambo. Ni kinga ya uhai.

Mwingine atasema Kiingereza kinatosha kwa kuwa kila mtu mjini anakijua. Sikikashifu Kiingereza, kimenilisha. Lakini kujua kuomba kazi kwa Kiingereza si sawa na kuelewa maagizo ya kunyoosha shingo ya gita kwa fimbo ya chuma iliyofichwa ndani yake, ambayo robo ya mzunguko huinyoosha na mzunguko wa pupa huivunja. Katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumfundisha raia kazi ya mikono ni rasmi kwa jina tu.

Na wapo wanaouona ufundi huu kuwa anasa ya watu wenye vipato. Wasisahau kwamba gita la Brian May lilitokana na uhaba, si utajiri. Meza zilizovunjika tunazo, redio mbovu tunazo, na mafundi wa jua kali wa Gikomba na Kamukunji wanajulikana kwa kutotupa kitu. Hata mpingo ni wetu Afrika Mashariki. Wazungu huutengenezea zumari zao za thamani, wakati sisi tumeukata na kuuchonga hadi umeadimika. Tangu 2017 biashara yake baina ya mataifa imewekewa masharti, pamoja na jamaa zake wote. Anayejua thamani ya ubao mmoja wa mpingo shingoni mwa gita hataukata mti wake kuwa makaa.

Basi tufanye nini? Kwanza, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ziwatume wanafunzi wa uzamili karakanani wakiwa na daftari, wakayaandike maneno ya mafundi kama yanavyosemwa, badala ya kuirudia mada ile ile ya tamthilia ile ile mwaka baada ya mwaka. Pili, Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini 2019, unahubiri kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Masomo ya ufundi yaliyoletwa na mfumo wa 8-4-4 mnamo 1985 yalidhoofika kwa kukosa vifaa na walimu. Tusirudie mkasa huo. Gita moja lililoharibika, likiletwa darasani, linakusanya useremala, hesabu, sayansi na muziki kwenye meza moja. Tatu, wachapishaji watoe vijitabu vya bei nafuu, vyenye michoro na Kiswahili kinachoeleweka, juu ya ukarabati wa ala za muziki na usalama wa umeme. Nne, na hili halihitaji bajeti ya serikali, kila fundi anayejua kazi hii amkubali mwanagenzi mmoja, na mwanagenzi huyo aandike anachofunzwa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Ufundi ni mali, tena ni mali isiyoweza kurithiwa kwa hati ya shamba. Hurithiwa kwa kuonyeshwa na kwa kuelezwa, na kuelezwa kwahitaji maneno. Fundi akifa na maneno yake kinywani, atakayemfuata ataanza upya kuvunja shingo za magita na kuchezea umeme asioufahamu. Wazee wanaojua kazi hii wangalipo. Tuwaendee na kalamu mkononi kabla hawajaondoka.