Kalamu ya Kasarani

Nilikuwa Makueni, na nimerudi Nairobi na aibu kidogo, pamoja na hamu ya kuisifia kalamu.

Babu yangu kule Kitui alikuwa na kalamu ya kujaza wino, Parker, iliyokaa mfukoni mwa koti lake la Jumapili. Hatukuruhusiwa hata kuigusa. Hiyo ilikuwa kalamu ya wakubwa. Yetu sisi ilikuwa Biki. Ukifika darasa la nne unaachana na penseli, unatumwa dukani na shilingi kumi, unarudi mtu mzima. Ya bluu ilikuwa yetu, nyekundu ya mwalimu, na ole wako ukamatwe na nyekundu.

Wino ukigoma tuliisugua kwenye soli ya kiatu au kuipekecha viganjani. Wengine waliipasha kwa moto wa koroboi (msijaribu, shati langu lilibaki na ziwa la bluu mpaka darasa la sita). Baba naye alikuwa na matumizi yake. Pembe sita za Biki hushika barabara meno ya kaseti, basi kanda zake za Kakai Kilonzo zilirudishwa nyuma kwa kalamu ili betri za redio zisiishe upesi.

Tuliiona ni kalamu ya Kenya, na si kwamba tulikosea kabisa. Ilitengenezwa Kasarani, hapa Nairobi, na Haco Industries, kampuni ya marehemu Chris Kirubi. Lakini jina na muundo vilikuwa vya Bic ya Ufaransa. Marcel Bich aliitoa sokoni mwaka 1950, akijenga juu ya kazi ya László Bíró, mzaliwa wa Hungaria. Haco walikuwa na leseni tu, na mwishoni mwa 2018 Wafaransa wakaichukua kazi hiyo wenyewe. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo: unajenga miaka nenda miaka rudi kwenye kiwanja cha mtu, halafu siku moja mwenye kiwanja anabisha hodi. Nilisikitika, lakini sikushangaa.

Kinachonishangaza hadi leo ni akili iliyomo ndani ya kitu tulichokinunua kwa shilingi kumi. Kile kitundu ubavuni kinaingiza hewa ili wino ushuke vizuri. Tundu la kwenye kifuniko liliongezwa mwaka 1991 ili mtu akikimeza kwa bahati mbaya apate pa kupumulia. Na mwili wake ni kama kioo: wino unauona. Ukikuishia katikati ya mtihani, lawama ni zako, kwa sababu ulikuwa unaona.

Sasa nije kwenye aibu. Ng'ambo ya mto Athi, karibu na Wote, kuna kikundi cha wakulima wa maembe ambacho mama yangu mdogo ni mwanachama. Niliwaandikia programu ya simu ya kurekodi kilo ambazo kila mkulima ameleta. Karani akibonyeza kitufe, maandishi ya kijani yanatokea: "Imehifadhiwa." Niliyapenda sana maandishi yale. Ukweli ni kwamba rekodi ilikuwa imekaa kwenye simu tu, ikisubiri mtandao ipelekwe kwenye seva. Pale penye mizani mtandao huja unapotaka wenyewe. Simu ikaanguka kwenye ndoo ya maji, na rekodi za siku nane zikapotea. Fikiria watu wamepima maembe yao siku nane, na mnunuzi analipa kwa rekodi.

Nilifika pale nikiwa na hotuba ya kuomba radhi. Karani, mama wa makamo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa daftari la mistari chini ya mizani. Kila mkulima alikuwemo, tarehe na kilo, kwa Biki ya bluu.

"Niliandika tu, mwanangu," akasema. "Ile simu sikuona inaweka wapi."

Ni miaka minne chuo kikuu nikisomea kompyuta, na hakuna aliyeisema kwa ufupi hivyo. Kosa langu halikuwa mtandao wala ndoo. Nilimficha mtu wino wake, kisha nikamwambia upo. Naona programu nyingi tunazoandika hapa nchini zina tabia hiyo hiyo: alama ya kijani juu, mashaka chini. Tunasema tunamrahisishia mtumiaji, kumbe tunamfungia dirisha.

Tulikaa siku mbili tukiingiza daftari lile upya. Nikaondoa yale maandishi, nikaweka mstari wa bluu pembeni unaorefuka kadiri rekodi zinavyosubiri, na kufupika zinapofika kwenye seva. Daftari nimewaomba waendelee nalo.

Mama mdogo aliutazama ule mstari kwa muda, akaniuliza kama huo ndio wino.

Nikamwambia ndio, mama.