Mgema akifukuzwa, tembo ndilo huharibika

Kila serikali inapotangaza vita dhidi ya pombe haramu, sisi wa Pwani twajua nani atashikwa mapema. Mwenye kuchanganya kemikali gizani ana gari na ana simu ya kumtahadharisha. Mgema wa Kaloleni au Rabai ana kibuyu na baiskeli. Yeye hushuka mnazini akakuta askari wamemsubiri chini.

Februari 2024 watu wasiopungua 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, baada ya kunywa pombe ya sumu. Nchi nzima ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke. Mwezi uliofuata Wizara ya Usalama wa Ndani ikatoa masharti makali na msako ukaanza. Lakini Kangai hakuna minazi, na kilichoua kule hakikutoka kwenye karara.

Niseme mapema kwamba mimi si mnywaji, na dini yangu imelikata neno hilo. Wasomaji wengi wa hapa ni kama mimi. Siandiki kumhalalishia mtu ulevi. Naandika kwa sababu jirani zetu Wamijikenda wamesomesha watoto kwa kotama na kibuyu, na kwa sababu msako wa namna hii hufanya kinywaji kiwe kibaya zaidi kuliko kilivyokuwa.

Utomvu wa mnazi ukidondoka ni mtamu kama maji ya sukari. Hamira iliyoko hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo, tembo likiwa bado juu ya mti. Kufikia jioni lina kileo cha kiasi cha asilimia 4 au 5, karibu sawa na bia ya chupa. Kesho yake laanza kuchachuka, na baadaye huwa siki. Halipikwi wala halikenekwi kama chang'aa, na likiachwa lilivyo halina methanoli ya kupofusha mtu. Hatari huja mtu akilitia kitu.

Sasa, ubora wa tembo watoka wapi? Mzee mmoja mgema, ambaye nimemjua tangu utotoni, aliniambia kwamba kupanda mti hata kijana mpumbavu aweza. Kazi iko kwenye kuosha. Kibuyu chenye machicha ya juzi hulianzisha tembo haraka, lakini huleta na uchachu na harufu mbaya. Yeye alikuwa akivisuuza vibuyu vyake kwa maji ya moto na kuvianika juani, akiwa na vya zamu mbili ili kimoja kikauke kingine kikiwa mtini. Kotama aliinoa kila siku, maana karara lataka kukatwa kipande chembamba sana, na kisu butu huliponda likakauka kabla ya wakati wake. Nyuki na sisimizi aliwachuja kwa kitambaa safi. La jana hakulichanganya na la leo. Wateja wake walijua saa anayoshuka, nao walikuwa wakimngoja.

Mpe mtu huyo hofu ya askari uone. Hawezi kuanika vibuyu uani kwa sababu ni ushahidi. Huhamia kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta, kwa kuwa huo hautiliwi shaka ukibebwa kwenye bodaboda. Hawezi kungoja mteja, basi humuuzia mtu wa kati usiku, na mtu wa kati huongeza maji na sukari ili lita 20 ziwe 30. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi hatumsikii akisifiwa popote, na maji yamo vilevile.

Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, iliifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa na kuiruhusu kwa masharti. Kileo kisiuzwe katika chombo kidogo kuliko mililita 250, na baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Masharti hayo yaifaa bia. Tembo lililogemwa alfajiri, kufikia saa hiyo limeshapita ubora wake, na ukilifunga kwenye chupa laendelea kuchacha hadi kizibo kiruke. Tena Katiba imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, kwa hivyo Kilifi na Kwale haziwezi kuilaumu Nairobi kwa kila jambo.

Wako wenye minazi kama sisi waliolitatua jambo hili. Jimbo la Kerala, India, lina maduka ya tembo yenye leseni, na tangu 1969 lina sheria ya mfuko wa ustawi wa wagema na wafanyakazi wenzao. Huko kusini mwa Asia pia hupaka chokaa ndani ya chungu ili utomvu usichache, ukanyweka mtamu au ukapikwa sukari. Hilo lingetugusa hata sisi tusiokunywa, kwani tembo tamu lisilochacha halina mgogoro na mtu, na siki ya mnazi imo kwenye achari zetu tangu zamani.

Mwaka jana mzee wangu aliamua kutafuta leseni. Kwa chifu akaelekezwa ofisi ya kaunti ndogo, na huko akapewa fomu ya baa. Iliuliza vyumba vingapi, vyoo vingapi, nambari ya jengo. Aliirudisha tupu. Minazi yake kumi na minne sasa yaangua nazi, na kijana wake huleta tembo la mangweni kwa mtungi wa plastiki kutoka mahali asipopajua.