Usoke, minara na setilaiti: kinachosubiriwa Shanghai 2027

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, na biashara ya pembe za ndovu ikayumba hadi pwani. Usoke, kituo cha reli wilayani Urambo, kipo katika ukanda huohuo. Njia ya miguu iliweza kufungwa, na msafara ukadaiwa hongo, neno ambalo enzi hizo lilimaanisha ushuru wa kupita. Mawimbi ya redio hayana kizuizi cha namna hiyo, hivyo nchi hulazimika kukubaliana kabla hayajarushwa.

Makubaliano hayo husimamiwa na Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, ambalo Kanuni zake za Redio ni mkataba unaozifunga nchi wanachama. Hapa nchini, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hugawa masafa kwa kuzizingatia. Matunda yake yameonekana. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kinga kwa sehemu kubwa ya matangazo ya televisheni ya analojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo yake mapema, Desemba 31, 2012, jijini Dar es Salaam. Masafa ya megahezi 700 yaliyoachwa na televisheni yaliingizwa katika mnada wa Oktoba 2022 kwa kampuni za simu. Masafa ya chini kama hayo husafiri mbali, na mnara mmoja hufunika eneo kubwa. Kwa wilaya ya misitu ya miombo, ambako vijiji vya wakulima wa tumbaku vimetawanyika, hilo si jambo dogo.

Sasa masafa hayohayo yanaombwa na setilaiti. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliagiza uchunguzi wa setilaiti zinazowasiliana moja kwa moja na simu ya kawaida ya mkononi, bila dishi, kati ya takribani megahezi 700 na 2,700. Uamuzi unatarajiwa katika mkutano ujao, Shanghai, Oktoba na Novemba 2027. Kwa sasa huduma hiyo inaruhusiwa tu kwa sharti kwamba isiwasumbue watumiaji wengine na isidai kinga dhidi yao.

Faida yake haipaswi kubezwa. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, lakini hakuna mpango wa minara utakaofika kila pori anakotundika mizinga mfugaji wa nyuki. Mtu aliyeumia huko angeweza kuomba msaada kupitia anga.

Tatizo lipo katika umbo la huduma yenyewe. Mwale mmoja wa setilaiti unaweza kufunika upana wa makumi ya kilomita, na haukatiki mpakani. Mwale uliokusudiwa Burundi utamwagikia Kakonko na Kasulu. Uliokusudiwa msitu wa Urambo utaigusa Usoke yenye mnara. Masafa yakiwa mamoja, mkulima anayesubiri malipo yake kwa simu ndiye atakayeona mtandao ukikatika, bila kujua kuwa chanzo kipo angani.

Kwa hiyo msimamo wenye manufaa kwa Tanzania ni kutanguliza huduma ya minara, na kumtaka mwenye setilaiti apunguze nguvu au azime mwale mara mwingiliano unapothibitishwa. Sauti ya nchi moja ni ndogo. Hoja hiyo inahitaji kupitia Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, na Umoja wa Mawasiliano Afrika, ATU, ambako mapendekezo ya pamoja ya bara huandaliwa. Nayo itahitaji vipimo. Takwimu za Dar es Salaam pekee, yenye minara iliyosongamana, hazitaeleza kinachotokea katika kijiji cha Tabora kinachotegemea mnara mmoja.