Kontena Lina Muhuri, Mzigo wa Kijana Unaombewa Dua



Leo tuzungumze jambo linaloonekana dogo, halafu mniambie kama ni dogo kweli. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu hapa kwetu Mkinga. Mwaka jana niliagiza vioo vya simu kwa dada mmoja wa Mombasa anayeuza Instagram. Nikalipa kwa simu, akafunga boksi, akalikabidhi kwa konda wa basi linalokuja Tanga kwa njia ya Lunga Lunga na Horohoro. Kisha akanitumia picha ya basi na namba ya konda. Kwa sisi watu wa mpakani, kufuatilia mzigo ndiko huko: picha ya ubavu wa gari, na namba ya mtu ambaye akiona simu ngeni hapokei.

Mzigo haukufika. Konda akasema alimwachia mwenzake wa zamu. Mwenzake akasema buti lilishushwa lote kwa ukaguzi, huenda ulibaki huko. Ofisini kwao wakaniuliza, "Risiti unayo?" Sina. Dada naye hana, maana jina langu liliandikwa kwa kalamu juu ya boksi na habari ikaishia hapo. Basi silitaji jina, na wala sisemi boksi lilipotelea mpakani. Sijui lilipotelea wapi, na hilo "sijui" ndilo lililonileta hapa.

Maana kilichofuata ni aibu. Dada aliniona tapeli niliyepokea mzigo na sasa nataka kurudishiwa hela. Mimi nikamwona tapeli ambaye hakutuma kitu. Tulitupiana maneno WhatsApp karibu wiki nzima, mpaka tukablokiana. Leo hasira zimepoa, naamini alituma. Yeye kapoteza mteja, mimi nimepoteza mtaji, na kila mmoja wetu anamtangaza mwenzake kuwa mwizi.

Namba ya kufuatilia mzigo inajibu swali moja tu: mara ya mwisho mzigo ulikuwa mikononi mwa nani, na saa ngapi? Kila anayeupokea anaacha alama. Mnunuzi anajikinga na muuzaji hewa. Muuzaji anajikinga na mnunuzi aliyepokea halafu akakana. Hata konda mwaminifu, na wapo wengi, habebeshwi wizi wa mwenzake. Bila hiyo namba tunabaki kuuziana na ndugu na majirani. Binti wa Muheza mwenye iliki na mdalasini safi atamuuziaje mtu wa Ukunda asiyemjua, kama hawezi kumwonyesha mzigo umefika wapi? Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Sisi tumebaki na Instagram, WhatsApp na buti la basi.

Sasa njoo kwenye kinachoniuma. Msiniambie nchi hii haina uwezo wa kufuatilia vitu. TRA wanafunga muhuri wa kielektroniki kwenye mizigo inayopita kwenda nchi jirani, na wanaona kwenye skrini lori limefika wapi. LATRA wana mfumo wa kufuatilia mabasi, dereva akizidisha mwendo wanajua. Julai 2021 tulipoletewa tozo za miamala ya simu, mfumo ulijua kukata hela ya bibi kijijini bila kukosea hata siku moja. Kwa hiyo kwenye ile safari ya kilomita kama 65 kutoka Horohoro hadi Tanga mjini, basi linaonekana, kontena la tajiri linaonekana, muamala wangu unaonekana. Kisichoonekana ni boksi langu ndani ya buti la basi hilohilo linaloonekana!

Mtu atasema tumieni Posta. Kweli, Posta wana namba za kimataifa zenye tarakimu na herufi 13, zinazoishia na TZ kwa mzigo uliotoka hapa, na mtu wa Oman anaweza kuufuatilia kuanzia huku. Ni kitu kizuri na vijana wengi hawakijui. Lakini kijana anayetaka kioo leo jioni kwa sababu mteja amekaa kwenye benchi anamsubiri, atatuma kwa basi. Tukubali hali ilivyo, tuiwekee utaratibu. TCRA wenyewe wamekuwa wakiwaambia wenye mabasi kwamba kubeba vifurushi ni huduma inayotaka leseni. Sawa. Basi leseni hiyo iwe na sharti: hakuna kifurushi kinachopanda gari bila namba, na kikikabidhiwa, aliyetuma na anayepokea wapate ujumbe wa kawaida wa simu. Hatuhitaji programu ya mabilioni wala uzinduzi wa mgeni rasmi na kukata utepe.

Na hapo Horohoro nisijifanye malaika. Iliki ya Muheza ni bidhaa ya Afrika Mashariki, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi wa cheti cha asili. Vioo vyangu vimetoka China, ushuru unanihusu. Niko tayari kulipa. Ila mtu aliyebebewa mzigo na konda anaambiwa "tuma hela ya kutolea", anatuma, na haoni karatasi yoyote. Namba ya mzigo ikiandikwa kwenye risiti ya forodha, mlipaji anajua alicholipa na serikali inapata chake. Wanaolia kila bajeti kwamba mapato hayatoshi wangeanzia hapa.

Kuna kamanda aliniambia, "Wewe, tunapambana wasituchungulie, halafu unaomba mfumo mwingine?" Hoja nzito, siipuuzi. Lakini ninachotaka ni namba inayofuata boksi. Hainifuati mimi. Nani ananunua nini si habari ya kukaa kwenye meza ya mkubwa yeyote, na tayari kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya kuwabana wenye mfumo. Tuisome, tuitumie. Vilevile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji atimize oda ndani ya siku 30 kama hamkupatana vingine. Haki nzuri kabisa kwenye karatasi. Sasa wewe nenda kalalamike kwamba siku zimepita, wakati muuzaji anaapa alituma siku ya pili na hakuna anayeweza kuonyesha mzigo uko wapi.

Kwa sasa najitetea kienyeji. Kila boksi naliandika namba yangu kwa makapeni pande zote sita, nalipiga picha likiwa mkononi mwa konda pamoja na namba ya gari, halafu naomba aandike neno "nimepokea" kwa meseji. Wengi wanakubali. Juzi mmoja alikataa kupigwa picha akasema namvunjia heshima. Nikachukua boksi langu, nikarudi nalo nyumbani.