Sauti ya Bibi Itafutwa Baada ya Miaka Mitano

Waliowahi kufanya utafiti wa kuhoji watu wanaijua ile fomu ya ridhaa. Kurasa mbili, tatu ukiwa na bahati mbaya. Mshiriki anaambiwa kwamba hatalipwa, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, kwamba jina lake halitatajwa popote. Halafu kule mwishoni, kabla ya sehemu ya sahihi au dole gumba, kuna mstari unaosema sauti zilizorekodiwa zitatunzwa kwa siri na kufutwa baada ya miaka mitano. Wengi tunausoma mbiombio, maana mzee anasubiri, jua linapanda na chaji ya simu haimngoji mtu.

Mimi niliusoma taratibu kwa sababu bibi mmoja wa Newala aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza, "Mnaifuta? Sasa umekuja kuichukua ya nini, mjukuu wangu?"

Swali hilo nimerudi nalo chuoni, na naona linatuhusu wanauzamili wote, siyo sisi wa historia peke yetu.

Kwanza nieleze nilichokuwa natafuta. Mada yangu ni maji: watu wa uwanda wa juu wa Makonde walipataje maji kabla ya bomba. Ukiwa Masasi, mji uliokaa chini katikati ya vile vilima vya mawe, huwezi kuielewa mada hii. Inabidi gari likupandishe mpaka Newala, ushuke na mavumbi yako, utembee hadi Shimo la Mungu uangalie chini. Bonde lote liko mbele yako, Ruvuma kule, na ng'ambo Msumbiji. Juu mnapoishi ardhi ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama. Maji yanapatikana chini ya mteremko. Kwa hiyo wanawake walishuka usiku, wakapanda na mitungi kichwani kabla jua halijawa kali, na ndoa, kilimo, misiba, kila kitu kilipangwa kufuata safari hiyo. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, enzi za mkoloni, na miaka ya 1970 Wafini wakaja kusaidia. Hata hivyo nyumba nyingi bado zina kisima cha kukinga maji ya mvua, na mgeni ukioga kwa kujimwagia ndoo nzima unaangaliwa kwa jicho fulani.

Wanaokumbuka kushuka na mtungi sasa ni wazee sana. Nilidhani watanisimulia shida tu. Kumbe kila kona ya njia ile ilikuwa na jina. Kulikuwa na nyimbo za kushukia na nyingine za kupandia, maana pumzi hazilingani. Kulikuwa na jiwe la kupumzikia ambalo, kwa maelezo ya bibi yule, limeozesha wasichana wengi kuliko washenga wote wa kijiji (hapo alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nisimamishe kurekodi). Majina ya kona hizo sijayaona kwenye ramani yoyote. Yapo kwenye vichwa vya watu wachache, na sasa yapo kwenye simu yangu.

Nina saa 31 za sauti. Kwa ubora ninaorekodi, saa moja inakula kama megabaiti 600 na ushee. Zote zinaenea kwenye memori kadi ya GB 32, kitu kidogo kuliko ukucha wa dole gumba.

Linganisha na mwaka 1906. Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijapoa. Wapagazi wake, Wanyamwezi, walimbebea kamera, mashine ya kunasa picha za sinema, na fonografu iliyonasa sauti kwenye silinda za nta, kila silinda dakika mbili tatu tu. Fikiria kupanda mlima ule na mzigo huo, halafu mimi na wewe tunalalamika pawabenki nzito. Silinda zilikwenda Ujerumani. Kitabu chake kilitoka 1908, mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Nyimbo za wale wapagazi zilichambuliwa na Erich von Hornbostel wa hifadhi ya sauti ya Berlin na kuchapishwa 1909. Hifadhi ile ipo mpaka leo, na mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tukikaa vimbwetani huwa tunawasema sana watu kama Weule. Wawasemwe tu. Alikuja chini ya bendera ya serikali iliyokuwa imetoka kuwaua watu wa kusini kwa risasi na njaa, na waliomwimbia hawakuulizwa nyimbo zao ziende wapi. Lakini tuseme ukweli bana. Sauti alizozichukua zimepita miaka mia na zaidi. Nilizozichukua mimi, kwa kibali, kwa muhuri, kwa barua iliyopita mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata mpaka kwa mtendaji wa kijiji, zimeandikiwa kufa kabla sijamaliza kulipa mkopo wa bodi.

Najua mstari ule umetoka wapi. Mtu anayekueleza habari za UKIMWI, au kupigwa na mumewe, au mgogoro wa shamba na kaka yake, lazima alindwe, na kufuta ni sehemu ya kumlinda. Hapo sina ubishi. Shida yangu ni kwamba fomu ni moja kwa wote, na bibi anayetaja majina ya kona za njia ya maji anafichwa kama shahidi wa kesi. Kwenye tasnifu yangu yeye ni "Mshiriki Na. 7, mwanamke, zaidi ya miaka 80". Yeye mwenyewe alisema niandike jina lake, na la mama yake pia, kwa kuwa mama ndiye aliyemfundisha zile nyimbo. Hata hapa silitaji, kwa sababu fomu hainiruhusu. Nani analindwa hapo, sijui. Mimi naona inalindwa zaidi kamati.

Hoja nyingine ninayoisikia, hata kwa wasomi wetu wakubwa, ni kwamba kule vijijini nakala utamwachia nani, ataisikiliza na nini? Jamani. Msimu wa korosho nenda kwenye chama cha msingi siku ya mnada. Bei inasomwa, na kabla karani hajafunga daftari imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya mpaka Tandahimba. Mjukuu wa bibi yule ni dereva wa bodaboda. Nilipomaliza kurekodi hakuniuliza kama naweza kumpa, alinitolea simu akasema, "Nirushie." Nikamrushia. Fomu haikatazi kumpa mtu sauti yake mwenyewe. Nimeisoma mara tatu kuhakikisha. Jioni ile tulisikia wimbo wa kupandia ukitoka kijiwe cha bodaboda, kati ya Singeli mbili.

Kwa kila niliyemhoji nimeacha nakala, kwenye simu ya mtoto au mjukuu anayeishi naye. Memori kadi haifiki bei ya siku mbili za kula kantini. Lakini hilo ni hiari yangu, na mwenzangu anayekuja mwakani hana anayemwambia. Na simu za watu huanguka, huibwa, hufomatiwa na fundi.

Kuna jambo moja lililonichosha akili zaidi ya mengine. Wakati wa kuimba, wanawake watatu walijisahau wakaingia kwenye wimbo wa unyago. Waligundua katikati, wakatazamana, mmoja akasema huo si wa kusikiwa na mwanaume, wala wa kwenda popote. Nikaufuta palepale, wakiangalia kioo cha simu. Kwa hiyo sisemi kila sauti imwagwe mtandaoni, la hasha. Wenyewe wanajua vizuri kabisa kipi kibaki na kipi kisibaki. Fomu yetu ndiyo isiyowauliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni hili, kwa kuwa tuna mwakilishi wa wanauzamili kwenye vikao. Fomu iwe na sehemu ya kuchagua: sauti yangu ifutwe, au itunzwe maktaba ya chuo, jina langu lifichwe, au liandikwe. Na mtu asipewe tarehe ya kutetea tasnifu mpaka aonyeshe kwamba walioomba nakala wamepata, na nyingine, kwa ridhaa yao, imebaki mahali wanapopataka wao, iwe shule, msikiti, kanisa au ofisi ya kijiji. Nilikohoji mimi walitaja shule ya msingi. Mwalimu mkuu alikubali, ila akauliza kadi ikiharibika atampigia nani hapa chuoni. Sikuwa na namba ya kumpa zaidi ya yangu, na mimi naondoka mwakani.

Na fomu hiyo mpya iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hii tuliyonayo kila mtu anajitafsiria kutoka Kiingereza usiku wa kuamkia fildi.