MDADA MAARUFU NA VIDONGE VYA SHEPU: HUO SIO UREMBO, NI DAWA YA HOSPITALI!

Wadau, mjini hapa kuna mdada mwenye wafuasi kibao, kila wiki yuko laivu na makopo yake mezani. Jina halitajwi kwa sababu hayuko peke yake, wako wengi, wa kike kwa wa kiume. Mzigo ni wa aina mbili: vidonge vya kunenepa na kupata shepu, vinauzwa kwenye kijifuko cha nailoni bila lebo, na krimu ya kung'arisha iliyokorogwa na kufungashwa upya. Akiulizwa kuna nini ndani, anajibu ni vitu vya asili tupu.

Asili gani hiyo inayovimbisha mashavu ndani ya wiki chache? Kwenye vidonge vya namna hii kinachokutwa mara nyingi ni deksamethasoni. Kwenye krimu ni klobetasoli au betamethasoni. Zote ni steroidi, dawa zinazotakiwa cheti cha daktari.

Sasa tuelewane zinavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapigwa changa la macho. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni inayoitwa kotisoli. Karibu kila seli ya mwili ina kipokezi cha homoni hiyo, yaani kama kitasa kinachosubiri ufunguo. Kotisoli ikiingia, kipokezi kinahamia kwenye kiini cha seli na kuanza kuwasha jeni hizi na kuzima zile. Sukari kwenye damu, presha, kinga, mifupa, hata akili kutulia, vyote vinaguswa humo. Deksamethasoni ni ufunguo wa bandia wenye nguvu kama mara 25 ya kotisoli. Kidonge kimoja cha nusu miligramu kinaweza kuzidi kazi ya kotisoli yote ambayo mwili unatengeneza kwa siku nzima! Na yule dada anaambia watu wameze viwili asubuhi, viwili jioni.

Halafu kichekesho chenyewe ni hiki. Kipokezi kile kikichochewa kupita kiasi, mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, huku misuli ya mapaja, makalio na mikono ikiliwa. Yaani mteja analipia hipsi, anapewa kitambi, mashavu ya andazi na miguu ya njiti. Picha ya "kabla na baada" inaishia kifuani, jiulizeni kwa nini.

Kwenye krimu ni yale yale. Ngozi inakuwa nyeupe kwa sababu mishipa ya damu imebanwa na rangi inatengenezwa kidogo. Wakati huo huo kolajeni inapungua, ngozi inakuwa laini kama karatasi, michirizi inatokea, fangasi wanasherehekea. Siku akifanyiwa upasuaji wa uzazi, kidonda kinagoma kupona.

Mashabiki wake watakuja juu kwamba mbona hospitali wanatumia. Ndiyo, wanatumia. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kutembea vizuri, na ndani ya siku chache akabadilika. Mwaka 1950 wakachukua Nobel. Mwaka 2020 Uingereza ikaonyesha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa Korona walioko kwenye mashine ya kupumulia kwa karibu theluthi. Kwa mwenye pumu kali ni mkombozi. Lakini daktari anajua anampa nani, kiasi gani, siku ngapi, na anapima sukari na presha. Dada wa makopo anapima nini? Salio la simu tu.

Na kuna kitu hasemi kabisa, labda hajui, labda anajua. Ubongo ukiona steroidi zimejaa, unaziambia tezi za juu ya figo zipumzike. Zinalala kweli. Mtu akiishiwa hela ya mzigo akaacha ghafla, mwili hauna kotisoli ya bandia wala ya kwake. Anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, anaanguka, anaweza kufa. Nyumbani watasema karogwa. Na anayenusurika anadhani mwili "umemisi vitamini", anarudi kununua. Biashara tamu hiyo, ugonjwa wenyewe ndio unaleta wateja!

Kama ni asili kweli, aweke orodha ya vilivyomo kwenye kopo, na jina la aliyetengeneza. Akishindwa, wanaojitokeza kumtangazia kwa posti za kulipwa nao waache kujifanya hawahusiki, pesa wamekula wote.

Kwa aliyekwisha kutumia miezi kadhaa: asiache kwa siku moja. Aende hospitali, aseme ukweli bila aibu, apunguziwe taratibu. Na kijifuko aende nacho, hata kama hakina lebo.